Kufunga uzio wa chuma juu ya jamvi lililokwisha kumwagwa

Mtu mzima akiuegemea uzio wa chuma, kinachopimwa si unene wa nguzo wala maua yaliyochomelewa juu yake. Kinachopimwa ni zege lililoizunguka kila bolti, la ukubwa wa kiganja tu. Nguzo iliyochimbiwa ardhini nusu mita inabanwa na udongo wote ulio kando yake. Nguzo iliyosimamishwa juu ya jamvi, yaani bamba la zege lililomwagwa chini, haina msaada huo: ina pleti (kibamba cha chuma kilichochomelewa mguuni mwake), bolti nne, na zege la sentimita kumi hivi. Kazi kubwa iko hapo chini, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopita haraka ili wafike kwenye kuchomelea, kazi ambayo mwenye nyumba anaiona.

Mfano tutakaoutumia ni wa kawaida Dar es Salaam: uwa umeshamwagwa jamvi, gari linaegeshwa hapo, na hakuna anayetaka kuvunja. Uzio ni wa mita 12 zilizonyooka, kimo kama mita moja na nusu, nguzo kila mita 2. Hapo ni nguzo 7 na paneli 6.

Lijue jamvi kabla ya kununua chuma

Usimwamini anayekwambia jamvi ni la inchi nne. Huenda lilichorwa la inchi nne, lakini kifusi cha chini kikishindiliwa ovyo, upande mmoja unakuta inchi nne na mwingine mbili na nusu. Toboa tundu la milimita 10 kwenye mstari utakaopita uzio, mahali ambapo pleti itakuja kufunika, mpaka biti idondokee kwenye mchanga. Chukua waya mgumu, kunja ncha yake iwe kidoana kidogo, iingize, kisha ivute juu mpaka ishike ukingo wa chini wa zege. Weka alama kwenye waya usawa wa sakafu, utoe, upime. Fanya hivyo miisho yote miwili na katikati. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Tazama pia vumbi linalotoka. Mara nyingi juu ya zege kuna sakafu ya mchanga na saruji ya sentimita 2 hadi 4, na vumbi lake hutoka laini, la rangi moja. Biti ikiingia kwenye kokoto, mlio unabadilika na mkono unahisi. Tabaka hilo la juu halihesabiwi kwenye unene. Bolti iliyoshika kwenye sakafu hiyo peke yake haijashika kitu. Siku ikivutwa itaondoka na bamba zima la sakafu. Gonga kwa nyundo ndogo mstari wote. Panapolia wazi, ama sakafu imebanduka kutoka kwenye zege, ama mchanga wa chini umesombwa na maji na jamvi linaning'inia. Weka alama kwa chaki na usisimamishe nguzo hapo.

Kisha tafuta mabomba. Maji machafu hupita karibu kila mara kwa mstari ulionyooka kutoka chemba moja hadi nyingine, kwa hiyo vuta uzi baina ya mifuniko ya chemba na uchore mstari huo chini. Fuatilia bomba la maji safi kutoka mita hadi tangi, na waya wa taa za geti kama umepitishwa chini. Nguzo iliyo karibu na mistari hiyo isogezwe, hata kama paneli moja itakuwa fupi kuliko nyenzake.

Unene ukishajulikana, uamuzi ni huu. Jamvi chini ya milimita 75: usifunge bolti kabisa, kata na umwage misingi midogo (tutaeleza). Kati ya 75 na 100: uzio uwe wa fito zilizo wazi, usizidi kimo cha mita 1.2, na bolti ziwe za gundi ya kemikali. Milimita 100 hadi 120: bolti za M10 (yaani za kipenyo cha milimita 10) zilizozama milimita 50 hadi 60. Milimita 150 na zaidi: M12 bila wasiwasi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba bolti isizame zaidi ya theluthi mbili za unene wa zege, kwa sababu chini yake lazima libaki zege la kushika. Na jamvi jipya lipewe siku 28 kabla ya kutobolewa kwa bolti za kutanuka. Zege changa linaonekana gumu lakini linapasuka ukikaza.

Hesabu ya pleti

Mtu akisukuma kileleni mwa nguzo ya mita 1.5 kwa nguvu ya kilo 50 hivi, yaani nyutoni 500, nguzo inapata mzingo (nguvu ya kuipindua) wa nyutoni-mita 750 chini. Mzingo huo unajaribu kuing'oa pleti upande wa msukumaji na kuikandamiza upande wa pili. Pleti ya milimita 150 kwa 150, yenye matundu milimita 25 kutoka ukingoni, ina mkono wa milimita 125 kutoka bolti zinazovutwa hadi ukingo unaokandamizwa. Gawanya 750 kwa 0.125, unapata nyutoni 6,000, zinazogawanywa na bolti mbili: kila moja inavutwa kwa nyutoni 3,000, kama kilo 300.

Sasa chukua pleti ya milimita 100 kwa 100 ambayo karakana nyingi huikata kwa mazoea, matundu yakiwa milimita 20 kutoka ukingoni. Mkono unabaki milimita 80, na kila bolti inavutwa kwa karibu nyutoni 4,700. Msukumaji ni yuleyule, nguzo ileile, lakini mzigo wa bolti umepanda kwa zaidi ya nusu, eti kwa kuokoa kipande kidogo cha chuma. Ndiyo maana tunasisitiza 150 kwa 150, unene wa milimita 8, au 10 ikipatikana. Pleti ya milimita 5 au 6 inajikunja ikichomelewa, na ikivutwa inapinda pembeni, kisha bolti zinachukua mzigo kwa zamu badala ya pamoja.

Upepo nao usisahaulike. Uzio wa fito zilizo wazi unapitisha upepo. Mwenye nyumba akisema baadaye anataka faragha na kubandika mabati, hali inageuka. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba kwa karibu nyutoni 470, na ukuta bapa unapokea kama moja na robo ya hiyo. Paneli ya mita 2 kwa 1.5 inapata takriban nyutoni 1,700 zinazosukuma katikati ya kimo, na nguzo inapata mzingo unaokaribia nyutoni-mita 1,300. Hiyo ni zaidi ya yule mtu anayesukuma kwa mwili wake. Kama faragha inatakiwa, ijulikane sasa: nguzo ziwe kila mita 1.2 hadi 1.5, bolti ziwe za gundi, na jamvi liwe nene. Juu ya jamvi la inchi tatu, mabati hayafai hata kidogo.

Usisogee ukingoni

Kosa linalovunja uzio wa namna hii kuliko mengine yote ni kuuweka kwenye ukingo kabisa wa jamvi ili kuokoa nafasi. Bolti ya kutanuka inashika kwa kulisukuma zege pembeni, na ikivutwa huondoka na kipande cha zege chenye umbo la pia, kimepanuka kuelekea juu. Ukingo ukiwa karibu, nusu ya pia hiyo haipo. Mara nyingi ukingo unapasuka siku hiyohiyo ya kukaza, kabla uzio haujaguswa na mtu.

Kwa M10, acha milimita 100 kutoka ukingoni hadi bolti ya nje. Kwa M12, milimita 120. Kwa pleti ya 150 ambayo bolti zake ziko milimita 50 kutoka katikati, kitovu cha nguzo kinakaa milimita 150 ndani ya ukingo. Wenye nyumba hulalamika kwamba wanapoteza sentimita 15 za uwa. Wapoteze. Kama kweli haiwezekani, bolti za gundi ya kemikali zinaweza kusogea zaidi kwa sababu hazisukumi zege, lakini hata hizo zisiwe chini ya milimita 60 au 70 kutoka ukingoni. Kiungo cha jamvi, pale zege la leo lilipokutana na la jana, kihesabiwe kama ukingo vilevile. Ufa mkubwa pia.

Bolti gani

Madukani Kariakoo utakuta aina nne. Rolibolti ina ganda la chuma linalotanuka, na tundu lake ni kubwa kuliko bolti: ya M10 kwa kawaida inataka tundu la milimita 16. Kwa kuwa ganda halipiti kwenye tundu la pleti, lazima utoboe zege kwanza, uingize ganda, kisha usimamishe nguzo na uombe matundu manne yalingane. Bolti ya kabari, ile ndefu yenye pete ndogo mkiani, inaingia kwenye tundu la kipimo chake: M10 tundu la 10, M12 tundu la 12. Unaweza kutoboa kupitia pleti ikiwa imesimama mahali pake. Kwa uzio sisi tunapendelea hii, kwa sababu inaondoa ubishi wa matundu kutolingana. Kuna pia zile za ganda jembamba refu zinazouzwa kwa kipimo cha ganda, si cha bolti iliyo ndani. Ukiambiwa ni ya 10, ndani huenda pana bolti ya 8. Pima kwa kalipa dukani.

Aina ya nne ni nondo yenye nyuzi inayogandishwa kwa gundi. M12 inataka tundu la milimita 14, na kina kwa kawaida ni milimita 70 hadi 110, mradi kisivuke zile theluthi mbili za unene wa zege. Ni ghali, inahitaji bunduki ya kusukumia na usafi mkubwa wa tundu, lakini kwenye jamvi jembamba au zege hafifu hakuna mbadala.

Zinki inayong'aa kama fedha kwenye bolti za bei rahisi ni ngozi nyembamba sana. Kunduchi, Mbezi Beach, Kigamboni na kwingineko karibu na bahari, hewa ya chumvi inaimaliza mapema na michirizi ya kutu inaanza kushuka sakafuni. Huko nunua stenilesi ya daraja la 316, au kwa uchache zile zilizochovywa kwenye zinki ya moto, ambazo rangi yake imefifia na uso wake unakwaruza mkono. Bolti za stenilesi kwenye pleti yenye zinki hazina tatizo, mradi pleti ipakwe rangi vizuri, kwa kuwa bolti ni ndogo na chuma cha pleti ni kikubwa.

Kukata na kuhesabu

Nguzo: skwea paipu ya 50 kwa 50, unene wa milimita 2. Mkanda wa juu na wa chini: 40 kwa 40, unene 1.5. Fito za wima: 20 kwa 20, unene 1.2 au 1.5. Kabla ya hesabu yoyote, tandika futi juu ya paipu dukani, kwa sababu si kila paipu inayoitwa ya mita 6 inafika mita 6. Nyingine ni mita 5.8, na hapo mpango wote wa kukata unavurugika.

Nguzo ya milimita 1,480 inatoka mara nne kwenye paipu ya mita 6, kwa hiyo nguzo 7 ni paipu 2. Kati ya nguzo na nguzo kuna uwazi wa milimita 1,950. Mikanda ikatwe 1,940 ili ibaki nafasi ya milimita 5 kila upande. Kila paipu inatoa mitatu, na mikanda 12 ni paipu 4.

Fito: mwanya usizidi milimita 100, maana kichwa cha mtoto mdogo kinapenya kwenye uwazi mkubwa zaidi na kukwama. Ukiweka fito 16 kwenye uwazi wa 1,950, chuma kinachukua 320, zinabaki 1,630 kwa mianya 17, yaani milimita 96 kila mmoja. Fito 15 zingetoa mwanya wa 103, hazifai. Paneli sita ni fito 96.

Hapa kuna jambo la kufikiria kabla ya kulipa. Mkanda wa chini ukianza milimita 80 juu ya sakafu na mkanda wa juu ukiishia 1,450, ufito unakuwa milimita 1,290. Paipu inatoa nne na kubakiza kipande cha zaidi ya sentimita 80 kisicho na kazi. Utanunua paipu 24. Ukishusha kimo kwa sentimita 10, ufito unakuwa 1,190, paipu inatoa tano barabara, na paipu 20 zinatosha. Paipu nne zilizookolewa zinalipa bolti nzuri. Kama kimo cha mita 1.35 kinakutosha, fanya hivyo.

Bolti ni 28. Nunua 32, kwa kuwa moja au mbili zitakataa. Urefu wake: 60 za kuzama, 8 za pleti, hadi 20 za kusawazisha chini, na 12 za washa na nati. Chukua M10 ya milimita 100. Pleti 7 zitobolewe matundu ya milimita 12. Usizitoboe kwa kuchoma na elektrodi. Tundu la namna hiyo halina kipimo na kingo zake zinaishika bolti kombo.

Nguzo ichomelewe kwenye pleti pande zote nne karakanani, siyo uwani. Piga doti nne kwanza, hakikisha pembe mraba kwa pande mbili, kisha choma pande zinazokabiliana kwa zamu. Elektrodi ya 2.5 kwa ampea 80 hadi 90, na moto uuelekeze kwenye pleti, ambayo ni nene, si kwenye paipu. Bana pleti kwenye chuma kizito wakati wa kuchomelea ili isijikunje. Toboa tundu la milimita 8 kwenye paipu, juu kidogo ya pleti, la kutolea maji. Kilele cha nguzo kifunikwe na kuchomelewa chote, bila tobo. Mahali penye zinki pasagwe kwanza kabla ya kuchoma, na ufanye kazi penye hewa. Moshi mweupe wa zinki humletea fundi homa ya usiku mzima.

Mstari na mteremko

Uwa uliomwagwa vizuri una mteremko wa kutoa maji. Sentimita moja kwa kila mita ni kawaida, na kwa mita 12 ni sentimita 12. Ukisimamisha nguzo za urefu mmoja, kilele kitafuata mteremko. Ukitaka kilele kilale sawa, nguzo za upande wa chini ziwe ndefu zaidi, na mwanya chini ya mkanda utakua kuelekea huko. Ukianza na 80 utaishia na 200, mbwa anapita. Kwa mteremko mdogo tunashauri uzio ufuate sakafu, na fito zisimame kwa timazi. Mteremko mkubwa unataka ngazi: kila paneli ishuke kwa hatua yake.

Pima tofauti ya kimo kwa mpira wa maji (mrija mwangavu uliojazwa maji), siyo kwa macho, wala kwa pima maji fupi iliyosogezwa mara 12. Kama uzio unakunja kona, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari utoe mita 5.

Nguzo za miisho ndizo za kwanza. Zikishasimama na kukazwa, vuta uzi mmoja chini kwenye ukingo wa pleti na mwingine juu kileleni. Nguzo za kati zifuate nyuzi hizo, zikiwa karibu kuzigusa bila kuzigusa. Nguzo ikiusukuma uzi hata kidogo, zote zinazofuata zinahamia nje taratibu, na mwisho mstari wako una tumbo.

Kutoboa

Tumia drili ya nyundo ya kweli, ya biti zenye mkia wa mifereji. Drili ya kawaida yenye kitufe cha kugonga itachukua muda mrefu na kutoa tundu pana juu na jembamba chini. Biti iwe mpya: iliyolika inatoa tundu jembamba na bolti inakwama nusu, iliyopinda inatoa tundu pana na bolti inazunguka bure. Funga utepe kwenye biti kwa kina cha milimita 70 kutoka usawa wa zege. Ukitoboa kupitia pleti, jumlisha unene wa pleti na vipande vilivyo chini yake. Kina hicho ni cha bolti kuzama 60 na nafasi kidogo ya vumbi. Shika drili wima. Mtu wa pili asimame pembeni na kuangalia.

Toboa tundu moja, piga bolti, kaza kidogo. Kisha tundu la mshazari wake, bolti, kaza kidogo. Nguzo haitahama tena, na mawili yaliyobaki yanakuwa rahisi.

Biti ikigonga nondo utajua: inagoma, mlio unakuwa mkali, vumbi linametameta. Usilazimishe. Sogeza nguzo sentimita chache kwenye mstari uleule, na tundu uliloliacha lizibwe kwa gundi au motari kali.

Puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli iliyofungwa mrija mwembamba unaofika chini ya tundu. Kwa bolti ya kabari, vumbi linazuia kuzama kikamilifu. Kwa gundi, vumbi ni uharibifu kamili, maana gundi inashika unga na unga haujashika zege. Puliza, sugua kwa brashi ya chupa inayolingana, puliza tena, na urudie yote mpaka kisitoke kitu. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la zege linaumiza mapafu kwa miaka mingi baadaye.

Gundi yenyewe: misukumo ya mwanzo itupwe mpaka rangi iwe moja, kwa kuwa mchanganyiko wa kwanza haujakamilika na haugandi. Jaza kuanzia chini hadi theluthi mbili, ingiza nondo kwa kuizungusha, gundi kidogo itokeze juu. Kwenye joto la Dar baadhi ya gundi zinaanza kuganda baada ya dakika chache tu, kwa hiyo weka kopo kivulini na usijaze matundu manne kwa mpigo kama huna nondo nne mkononi. Muda wa kuganda umeandikwa kwenye kopo kwa kila joto. Usikaze nati kabla yake, na usichomelee karibu na nondo hizo, kwani moto unaharibu gundi iliyokwishashika.

Unapoipiga bolti ya kabari kwa nyundo, weka nati usawa wa kilele chake ili nyuzi zisiharibike. Kukaza M10 kunataka nyutoni-mita 30 hadi 40. Ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya sentimita 20. Usirefushe spana kwa bomba. Bolti inayozunguka bila kukaza huku ikipanda imeshindwa, na kuongeza nguvu kunazidi kupasua zege. Ing'oe, panua tundu la zege na la pleti hadi milimita 14, na uweke nondo ya M12 kwa gundi.

Pleti isipolala sawa, weka vipande vya chuma chenye zinki karibu na kila bolti, kisha jaza nafasi yote kwa grauti isiyonywea (uji mzito wa saruji usiosinyaa ukikauka). Usitumie mbao, kipande cha kigae wala kokoto. Mbao inanywea na bolti inalegea, kigae kinapasuka. Kwa nondo za gundi unaweza kuweka nati chini ya pleti, ukainyoosha nguzo kwa kuzungusha nati hizo, halafu ukajaza grauti. Kwa bolti za kabari njia hiyo haifai, kwa kuwa zinajibana kwa kuvutwa dhidi ya pleti iliyolala imara. Grauti imalizwe kwa mteremko kutoka kwenye pleti, maji yasituame.

Paneli

Paneli ziungwe baada ya nguzo kusimama na kila uwazi kupimwa wenyewe. Zikiundwa karakanani kwa kipimo kimoja, moja itakuwa ndefu na fundi atainyoosha kwa kuivuta nguzo, na hapo bolti zinaanza maisha zikiwa na mzigo. Kata vipande viwili vya mbao vya milimita 96 uwe navyo kama kipimo cha mianya, na uanze kupanga fito kutoka katikati ili kosa dogo ligawanyike pande zote. Kwa chuma cha 1.5 shusha ampea hadi 70 hivi, na ruka-ruka, usichome ufito na jirani yake mfululizo, mkanda utapinda.

Tunapendelea kuzifunga paneli kwenye nguzo kwa vipande vya engo (chuma cha pembe) ya 40 na bolti za milimita 8 kuliko kuzichomelea moja kwa moja. Mita 12 za chuma zikitoka nyuzi joto 25 za alfajiri hadi 55 za jua la mchana zinarefuka karibu milimita 4. Uzio uliochomelewa wote unazisukuma nguzo za miisho kila siku. Tundu la engo likiwa la yai, paneli inapumua, na siku gari likigonga, unabadilisha paneli moja bila kugusa pleti.

Cheche za grinda zinachoma vioo na vigae kisha zinashika kutu hapo. Funika.

Rangi

Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwenye pleti, hasa upande wa chini, kabla ya kusimamisha nguzo, kwa kuwa baada ya hapo hutaufikia tena. Toa ganda la kuchomelea lote, safisha mafuta ya kiwandani kwa thina, kisha tabaka mbili za redoksaidi (ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu) na mbili za rangi ya mafuta. Paipu yenye zinki haitaki rangi ya mafuta moja kwa moja. Inabanduka kama ngozi baada ya mvua chache. Inataka rangi ya msingi maalumu ya zinki kwanza. Maungio yaliyosagwa yapakwe rangi yenye unga wa zinki. Usipake asubuhi penye umande, na kama ni Machi hadi Mei, subiri siku kavu.

Baada ya mwezi mmoja rudi na spana. Bolti za kabari hulegea kidogo baada ya mkazo wa kwanza. Zikaze tena kwa nguvu ileile.

Jamvi likiwa jembamba, na nguzo za geti

Kwenye jamvi la chini ya milimita 75, kata kwa grinda ya diski ya almasi mraba wa milimita 300 kila penye nguzo, chimba hadi nusu mita, na umwage zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) huku nguzo ikiwa imesimama ndani kwa timazi. Mashimo 7 yanataka zege la mita za ujazo 0.32 hivi, yaani mifuko miwili ya saruji na akiba kidogo. Sehemu ya nguzo iliyo ndani ya zege na sentimita 10 juu yake ipakwe rangi ya lami, na zege limalizwe juu kidogo ya sakafu, liteleze maji.

Nguzo ya geti ichimbiwe namna hii hata kama jamvi ni nene. Geti la kilo 30, upana wa mita moja, linaivuta nguzo kwa karibu nyutoni-mita 150 usiku na mchana, na mtoto wa kilo 40 akining'inia mwisho wake anaongeza 400. Mzigo unaokwenda na kurudi kila geti linapofunguliwa unalegeza bolti yoyote ya kutanuka. Shimo liwe la milimita 400 kwa 400, kina 700, nguzo ya 75 kwa 75 yenye unene wa milimita 3, na geti lisitundikwe kabla ya siku 7.